Uyoga wa Boma la Zamani

Nyambura mwanangu,

Umeenda kwa shangazi yako kuaga, na najua utarudi polepole ili unikute nimelala. Sitakuwa nimelala, lakini nitajifanya, kwa sababu barua hii nataka uisome bila kuniangalia usoni. Sasa hivi bado kuna mwangaza. Ng'ombe wamekamwa, baba yako anasikiliza redio kule mbele, na mimi nimekaa jikoni na kalamu uliyosahau juu ya meza. Wewe ukikasirika unaziba masikio, nimekujua hivyo tangu ukiwa mdogo. Lakini macho yako hayajawahi kukataa kusoma kitu, hata gazeti lililofungiwa nyama.

Sitakuambia mambo ya sweta, wala uangalie mizigo yako pale stendi ya Eldoret kesho. Wala sitakuambia uombe kabla ya kulala, kwa maana nimekusikia ukiomba kupitia ukuta miaka yote hii, na unaomba vizuri kuliko mimi. Nataka tuongee juu ya leo kanisani, na juu ya neno uliloniambia njiani tukirudi.

"Mama, nikifika nabadilisha kozi."

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua la kujibu. Ulisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, ukaruka dimbwi, ukanitangulia mpaka nyumbani. Tangu hapo umeongea na paka na umeongea na baba yako. Mimi bado.

Najua uliniomba. Asubuhi ukinifunga kitambaa ulisema, "Mama, pasta akiuliza, sema ni sayansi ya kilimo. Haki Mama, sema tu kilimo." Nikanyamaza, nawe ukadhani kunyamaza ni kukubali. Hapo nilikukosea. Ningekuambia palepale mlangoni kwamba sitasema hivyo, ungejua unaingia kanisani na mama wa aina gani. Kwa hilo nisamehe. Lakini kwa yale niliyosema mbele ya watu sikuombi msamaha, na hata ukiandika kutoka huko mbali uniambie niombe, sitaomba.

Pasta alikuweka mkono kichwani akaniuliza, "Mama, binti yetu anaenda kusomea nini, tumwombee vizuri?" Nami nikasema, "Anaenda kusomea uyoga. Na sanasana ule unaoota juu ya mavi." Nilisikia ukivuta pumzi. Kisha yule kijana wa ngoma akasema, "Kwani si angebaki tu hapa Timboroa? Mavi tuko nayo!" Kanisa lote likaanguka kwa kicheko. Pasta mwenyewe alifunika mdomo na Biblia. Mama Debora, pale kwa benchi ya mbele, alicheka mpaka kofia yake ikaenda upande. Na wewe ukatoka kabla hata ya Amina.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini sikusema kilimo.

Kuna hadithi unayoijua nusu. Ile nusu ya kucheka unaijua, maana baba yako huisimulia kila Krismasi. Nilikuwa nimeolewa hivi juzi, nimetoka kwetu Kinangop, nimeletwa huku juu kwenye ukungu, kwa mama mkwe ambaye jina lake ndilo tulikupa wewe. (Ndiyo maana ukiwa mtoto nilishindwa kukugombeza kwa sauti. Nikiita "Nyambura, wewe mjinga!" yeye anatoka chumbani kuuliza nimesema nini.) Nilitaka nionekane. Wageni walikuwa wanakuja, pasta wa wakati huo, si huyu, na mimi nikasema nitapika uyoga, kwa sababu kwetu nilijulikana kwa uyoga.

Kwetu bibi yangu alinifundisha sheria moja tu: uliosimama juu ya mavi, uache, uliosimama juu ya udongo, uchukue. Basi. Sheria fupi inabebeka kirahisi, na mimi niliibeba kama nilivyobeba sanduku langu la bibi arusi. Nikaenda kule malishoni juu, karibu na msitu, alfajiri mvua ikiwa imeacha, nikakuta uyoga mweupe umejaa kwenye nyasi. Hakukuwa na mavi hapo. Nilisukuma nyasi nikaangalia: udongo, tena udongo mzuri mweusi. Nikajaza karai.

Nusu unayoijua ni hii. Pasta alianza kuombea chakula cha pili akacheka. Akajikaza, akaanza tena, akacheka. Baba yako akasema birika linamwangalia. Mama mkwe akalia akisema mikono yake imekuwa mirefu itafika barabarani. Mimi sikuwa nimekula, nilikuwa napakulia wengine, nikabaki nimesimama na mwiko katikati ya wazimu huo. Kisha kucheka kukaisha, wakaanza kutapika, na hapo hakuna aliyekuwa na hadithi. Walikaa hivyo mpaka kukapambazuka. Mungu alituhurumia. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba kuna uyoga mwingine usiompa mtu kicheko, unampa jeneza.

Nusu ambayo baba yako hasimulii ni yale yaliyofuata. Mama Debora, wakati huo alikuwa kijana lakini tayari ni kiongozi wa akina mama, alikuja nyumbani akasema hayo si chakula, hayo ni mapepo, na mapepo hayaingii nyumbani bila mtu kuyafungulia. "Msichana wa kuja," akasema, "hatujui alitoka na nini kwao." Wakakaa wakaongea. Mama mkwe aliniambia kwa upole, nadhani alinihurumia, "Simama tu kanisani utubu, mambo yaishe."

Nikasimama, Nyambura. Nikasema nimetubu uchawi. Mimi ambaye sijawahi hata kufunga uzi mkononi. Nilisema mbele ya Mungu kitu ambacho Mungu alijua ni uongo, kwa sababu nilitaka watu wanisalimie kwenye mtaro wa maji. Na unajua walifanya nini? Walinipigia makofi. Wakaimba. Mama Debora akanikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Siku niliyodanganya kanisa lilipiga makofi. Leo nimesema ukweli, limecheka. Nimekaa na hayo mambo mawili tangu mchana nikimenya viazi, na nakuambia, kicheko cha leo ni kitamu kuliko yale makofi. Yale makofi niliyabeba miaka. Nikishika sakramenti yalikuwa yakirudi. Kichwani mwangu sikujua kama nilisamehewa ule uchawi ambao sikuufanya au ule uongo nilioufanya, na ni wewe ulinisaidia, bila kujua, na vile vikombe vyako. Nitafika hapo.

Kwanza Kogo. Unamkumbuka kidogo, yule jirani yetu mzee Mkalenjin, ulikuwa ukimwita Kogo, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomwita, na ulikuwa ukilala kwenye shuka lake. Baada ya kutubu nilikuwa nikipita kwake kichwa chini. Siku moja akanisimamisha kwenye uzio.

"Mama wa kuja! Ule uyoga wa kuchekesha pasta ulichuma wapi?"

Nikafikiri ananichokoza. Nikamwonyesha kwa kidole. Akavuka uzio na fimbo yake, tukapanda pamoja, na alipofika pale akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

"Hapa? Hapa palikuwa boma la kondoo la mzee wangu, kabla nyinyi mje. Huoni hiyo thabai?"

Nikaangalia. Thabai, ule mmea wa majani yanayowasha, ilikuwa imeota ikizunguka kama mkufu, na katikati nyasi imekolea kuliko kwingine. Nilikuwa nimepita kwenye ile thabai na karai langu, ikaniwasha miguu, nikailaani, nikaendelea.

"Thabai haioti bure," Kogo akasema. "Inafuata boma. Sisi tulikuwa tunahamisha boma, kondoo wakilala hapa mpaka pajae, tunawasogeza kule. Huo udongo wako mzuri ni mavi yaliyosahau jina."

Nikamuuliza, "Na kwa nini hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza? Ulipita hapa kila asubuhi, salamu mbio, kama kwenu kunaungua."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na si kosa la uyoga. Nilikuja na sheria ya kwetu nikaivalisha ardhi ya watu wengine bila kuuliza ardhi hiyo ilikuwa nini kabla yangu. Bibi yangu hakunidanganya. Kwao Kinangop sheria ilifanya kazi kwa sababu kila mtu alijua boma la nani lilikuwa wapi. Hapa nilikuwa mgeni, na mgeni anayeona aibu kuuliza atapikia watu wazimu. Huko unakoenda utakuta malisho mengine, mifugo mingine, watu wa lugha nyingine. Utakuwa na vitabu. Uliza hata hivyo. Mtafute mama aliye na fimbo kwenye uzio, umwulize kondoo walilala wapi.

Baba yako aliniambia niache uyoga kabisa. Alisema kwa upendo. Wengi walisema. Nami nikaona, nikiacha, basi ile toba inakuwa kweli. Kwa hivyo sikuacha. Niliingia malishoni mvua ya kwanza iliyofuata, na nyingine, na nyingine, na ulipozaliwa nilikufunga mgongoni tukaendelea. Kogo alinionyesha kuugeuza, nisiangalie kofia peke yake, niangalie zile kurasa nyembamba zilizopangana chini ya kofia, mguu, pete kama ipo, harufu, na umesimama juu ya nini, na hicho ulichosimamia kilikuwa nini zamani.

Wewe ulipoanza kuongea ndipo ukaanza kuwapa majina. Unakumbuka Karani? Yule wa juu ya mavi ya ng'ombe, asubuhi amesimama na shati nyeupe, mchana amemwagikiwa na wino wote. Na Askofu, kofia ya njano inayong'aa na kuteleza kama imepakwa mafuta. Na Kengele, mwembamba wa mguu mrefu, kurasa zake zina madoadoa kama kanga, ambaye nilikukataza hata kumgusa. Ndugu yake ndiye alinichezea ule mchezo. Vijana walikuja mara moja na pikipiki kutoka mjini kuniuliza ule wa kuchekesha unapatikana wapi. Niliwafukuza na fimbo ya ng'ombe mpaka kwenye lami, na wewe ukikimbia nyuma yangu na fimbo yako ndogo.

Na unakumbuka swali lako? Ulikuwa huna meno ya mbele. Uliangalia yale mavi yaliyokauka, yametobolewa yote, ukaniambia, "Mama, huu uyoga ukiacha kula, mavi yatafika kwa dirisha." Nilicheka, lakini usiku nikaomba nikiwa na hayo maneno. Nikaona Mungu hakuona mavi ni aibu. Ameyawekea mtumishi, akamvalisha na kofia, akampa kazi ya kuyarudisha kuwa shamba, na kazi hiyo mtumishi anaifanya kila alfajiri hata kabla hatujapiga kengele ya kanisa. Sasa mimi ni nani nione haya kutaja jina lake mbele ya benchi?

Halafu ukaenda shule ya sekondari Eldoret, ukarudi likizo na maarifa ya vikombe. Ulikata kofia ukailaza kwenye karatasi nyeupe, kurasa chini, ukaifunika na kikombe. Baba yako asubuhi alitafuta kikombe cha chai akakosa, vyote vimelalia uyoga, akanywa chai kwa bakuli akinung'unika. Kisha ukaniita. Ukainua kimoja kimoja. Na pale kwenye karatasi kulikuwa na unga umeanguka, kama maua yaliyochorwa: mmoja kahawia, mmoja, wa yule ndugu ya Kengele, mweusi kama masizi, mmoja zambarau iliyoiva. Ukasema, "Mama, kofia inaweza kudanganya. Unga ni vigumu zaidi. Na hata unga peke yake hautoshi, unaweka pamoja na yale mengine yote."

Nilitoka nje nikajifanya naita kuku. Nililia, Nyambura. Kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kile kilichoingia nyumbani mwangu siku ile. Kilikuwa na rangi. Kilikuwa na alama. Halikuwa pepo. Siku hiyo nilijua ni lipi nilipaswa kutubu, nikalitubu peke yangu na kuku, na sakramenti ikaanza kushuka vizuri.

Ndiyo maana sikusema kilimo. Ningesema kilimo ningekuwa nimesimama tena palepale, nikisema uongo mdogo mtamu ili wapige makofi, na safari hii ningekuwa nimekusimamisha na wewe kando yangu. Baba yako anasema nikuache, watu wataongea. Waongee. Midomo ni yao. Kama umechoka na uyoga, kama umeona kitu kingine moyo wako ukaruka, badilisha kozi na nitauza viazi nikiimba. Lakini ukibadilisha kwa sababu kijana wa ngoma alifanya mzaha, hapo utakuwa umetubu uchawi, na mimi najua hiyo inachukua miaka mingapi kutoka mdomoni.

Sasa sikia jambo lililotokea ukiwa umeenda kwa shangazi, barua hii ikiwa katikati.

Nimesikia mtu anagonga, mlango wa nyuma. Unajua wanawake wanaokuja kuniuliza uyoga huja wapi na wakati gani: mlango wa nyuma, jua likizama, kitu kimefunikwa kwenye karai. Miaka yote nimewafungulia huo mlango. Hiyo nayo niiweke kwenye makosa yangu. Leo nimeuliza nani.

"Ni mimi. Mama Debora."

Nikamwambia, "Zunguka, upitie mbele. Mlango wa mbele ndio wa watu."

"Mama Nyambura, acha mchezo, kuna umande."

"Zunguka, Mama Debora."

Akazunguka. Nilimsikia akinung'unika ukuta mzima. Akapita mbele ya baba yako na redio yake, akaingia jikoni na karai limefunikwa na kanga. Wajukuu wake wamechuma uyoga pale nyuma ya nyumba yao, na mke wa mwanawe alikuwa tayari anakata vitunguu.

"Wanasema ni mzuri," akasema. "Mimi nikasema ngoja kwanza."

"Umesema ngoja kwa nini? Si ulicheka leo?"

"Nimecheka, ndiyo. Nimecheka nikaenda nyumbani nikakuta hii kwa meza." Akakaa. "Wamezaliwa wanne kwa hiyo nyumba, Mama Nyambura. Niambie unaliwa au hauliwi."

Nikamuuliza kondoo wake walilala wapi kabla ya kuhamishwa. Akafikiri, uso ukabadilika. Palepale wajukuu walipochuma. Nikamuuliza kuhusu thabai. Ipo.

Nikaugeuza mmoja mmoja. Mingi ni ile mizuri, naijua, kurasa za waridi, mguu mnene, pete. Lakini katikati kuna mingine, Nyambura, myeupe vilevile, michanga, kofia ndiyo inaanza tu kufunguka, na hiyo siijui. Ningeweza kubahatisha. Miaka ile ningebahatisha. Nimemwambia, "Sijui."

"Wewe? Hujui?"

"Mimi najua mpaka hapa. Anayejua kunipita anaondoka kesho asubuhi. Wala msiule, hata ule mzuri, umechanganyika kwenye karai moja."

Hakuomba msamaha wa zamani, usimngojee huyo. Amesema tu, "Basi nitakuja kesho kabla hajaenda. Anielezee mwenyewe, niwaonyeshe watoto."

Kwa hivyo ukiingia jikoni utakuta vikombe vyote vimefunika kofia za uyoga wake juu ya meza, kurasa chini, juu ya mgongo wa kalenda ya mwaka jana. Nimeiweka kama ulivyonifundisha. Miguu yake nimeipanga kando, kila mmoja na kikombe chake, na udongo wake nimeuacha usioshwe ili uuone. Baba yako nimempa chai kwa bakuli na safari hii hakunung'unika.

Usiviinue usiku. Amka na jogoo, uinue wewe mwenyewe, na ukisoma ulichosoma, mwambie Mama Debora ukweli wake, na kama hujui mwambie hujui, na huko unakoenda ukakitafute. Halafu atakuuliza, kwa maana yule hawezi kuondoka bila kuuliza, "Kwani hii kozi yenyewe inaitwaje?"

Mimi nitakuwa nje nafunga viazi vya safari. Nitakuwa nasikiliza.

Atapitia mlango wa mbele. Nimeshamwambia.

Mama yako